Tansio Haina Siku 21

Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati wa Ebola, mtu wa Butembo hakuweza kwenda Beni bila kusimamishwa njiani, anawe mikono kwa maji ya klorini, kisha aelekezewe kipimajoto kwenye paji la uso. Wengi walikichukia kile kipimajoto. Lakini kilituonyesha jambo ambalo mpaka leo hatujalitumia: inawezekana kabisa kuwapima watu wazima wa mji mzima, mmoja baada ya mwingine, hata vita vikiendelea, hata watu wakiwa na hasira. Aliyegusana na mgonjwa wa Ebola aliandikwa jina, akafuatwa nyumbani siku 21, kila siku akipimwa joto na kuulizwa hali. Siku asipoonekana, alitafutwa.

Ebola ile iliandikisha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Iliporudi Butembo Februari 2021, ilizimwa kufikia Mei ikiwa imepata watu 12 tu, kwa sababu wauguzi na wahamasishaji wa mitaa walikuwa wamekwisha kuijua kazi.

Leo naomba tuizungumzie tansio, yaani shinikizo la juu la damu, na mtoto wake mbaya kuliko wote. Hospitalini wanauita AVC. Mtaani tunasema fulani "amepigwa paralizi". Kiswahili cha vitabu ni kiharusi. Ni ugonjwa uleule. Duniani kote kiharusi hupata watu karibu milioni 12 kila mwaka, na ni miongoni mwa magonjwa matatu yanayoua zaidi. Hakiambukizi, hakina kituo cha kunawia mikono, na mgonjwa wake haandikwi kwenye orodha yoyote mpaka siku anapoanguka. Sehemu kubwa ya viharusi hivi inaweza kuzuiwa kwa mkanda wa kupimia tansio, vidonge vya bei nafuu na mtu wa kukufuata nyumbani. Mtu wa kukufuata ndiye tunayemkosa zaidi, na ndiye tuliyekuwa naye wakati wa Ebola.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo. Ama mshipa umezibwa na donge la damu, ama umepasuka na damu inamwagikia ndani ya kichwa. Mishipa inayoziba ni mingi kuliko inayopasuka, lakini kwetu Afrika ile ya kupasuka huonekana zaidi kuliko Ulaya, na chanzo chake kikubwa ni tansio iliyokaa miaka bila tiba. Kwa kumtazama tu mgonjwa, hakuna awezaye kujua ni aina ipi kati ya hizo mbili, hata muganga wa hospitali mwenye miaka 30 kazini. Ushike huo ukweli, tutauhitaji tukifika kwenye vidonge.

Dalili zake huja ghafla. Mdomo unaenda upande. Mkono au mguu wa upande mmoja unalegea au unakufa ganzi. Maneno yanavurugika, au hayatoki kabisa. Wengine hupoteza kuona jicho moja, wengine wanashindwa kutembea kwa kizunguzungu, wengine wanapigwa na maumivu ya kichwa ambayo hawajayaona maishani, pamoja na kutapika. Ukiwa na shaka, fanya hivi palepale. Mwambie acheke, uangalie kama pande zote mbili za uso zinakwenda sawa. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, uhesabu taratibu hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, ni hatari. Mwambie aseme maneno mepesi kwa lugha aliyozoea, iwe Kinande au Kiswahili: "Leo ninaenda sokoni." Jambo moja tu kati ya hayo matatu likiharibika, msisubiri la pili.

Kisha angalia saa. Naliweka mapema hivi kwa makusudi, kwa sababu ndilo swali la kwanza muganga atakalouliza na ndilo ambalo familia nyingi hazina jibu. Anataka kujua saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama aliamka na dalili asubuhi, jibu ni ile saa aliyolala akiwa mzima, kwa hiyo kumbukeni ni nani aliyemuaga usiku. Daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu mwaka 2006: kila dakika mshipa mkubwa unapokuwa umeziba, ubongo hupoteza chembe hai karibu milioni 1.9. Hizo ndizo zinazokwenda wakati ndugu wanasubiri mjomba afike kutoka Lubero ndipo waamue.

Pengine dalili zinakuja na kupotea baada ya dakika 10. Mdomo unarudi, mkono unashika tena kikombe, watu wanamshukuru Mungu na kila mtu anarudi kazini. Hapo ndipo pa kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Kiharusi kidogo kinachopita mara nyingi hutangulia kikubwa, na siku mbili zinazofuata ndizo mbaya zaidi. Mtu huyo bado anatembea na kuongea. Ndiye mgonjwa ambaye hospitali inaweza kumsaidia kuliko wote.

Wakati mnatafuta gari, mlazeni ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, hasa kama anatapika au amepoteza fahamu. Mtoeni meno ya bandia kama anayo. Msimpe chochote mdomoni: si maji, si uji, si chai, si soda ya sukari ambayo jirani atakuja nayo mbio, si dawa ya majani. Koo lake linaweza kuwa limepooza pia, na kinachoingia mdomoni kitakwenda kwenye mapafu. Watu wengi hawauawi na kiharusi chenyewe; wanauawa na homa ya mapafu siku ya tano, iliyoletwa na kijiko cha uji kilichotolewa kwa upendo.

Aspirini pia hapana. Mmesikia kwamba inasaidia, na ni kweli inasaidia baadaye, mshipa ukiwa umeziba. Ukiwa umepasuka, aspirini inaongeza damu inayomwagika, na nimekwisha sema kwamba kwa macho hamwezi kujua. Vilevile msimpe kidonge cha tansio cha mama mkwe ili "kuishusha haraka". Saa zile za kwanza ubongo uliokosa damu unahitaji msukumo. Ukiishusha tansio ghafla, unaikata hata ile damu kidogo iliyokuwa inapenya. Kazi ya kuishusha, na kwa kiasi gani, ni ya hospitali. Kumchanja, kumtoa damu ulimi au kummwagia maji baridi kunapoteza dakika na kumwongezea vidonda.

Tafuteni gari. Pikipiki ni ya mwisho kabisa. Ikibidi, mgonjwa akae katikati, na mtu mwenye nguvu nyuma yake amshike kifua na kichwa, dereva aende taratibu. Vijijini kipoyi, machela ya kubeba mabegani, bado ndiyo ambulansi yetu, na vijana wanne wanaojua kubeba ni hazina ya mtaa. Mambo haya hayapangwi usiku wa manane. Kama nyumbani kuna mtu mwenye tansio, tafuteni leo namba ya simu ya jirani mwenye gari, mwelewane naye bei, muulizie hospitali ipi inapokea usiku. Hali ya usalama tunaijua. Baada ya jua kuzama si kila dereva atakubali kutoka.

Nije kwenye jambo linalouma. Mtu mzima anaanguka ghafla, mdomo umepinda, jana alikuwa mzima sokoni. Familia inasema ametegwa, amelishwa sumu, wivu wa biashara. Sina haja ya kumcheka mtu yeyote. Ugonjwa unaopiga upande mmoja wa mwili, kwa dakika moja, mtu asiye na jeraha, kweli unafanana na kitu kilichotumwa. Lakini mishipa ya huyo mzee imekuwa ikipigwa na tansio kwa miaka 15 bila yeye kusikia maumivu, na sasa mmoja umeshindwa. Anayetaka kuomba, aombe ndani ya gari, njiani, na kando ya kitanda. Wachungaji na mapadri wetu wana nguvu hapa kuliko muganga yeyote: neno moja lao, "mpelekeni kwanza hospitali, nitawakuta huko," linaweza kurudisha nusu siku iliyokuwa inapotea kwenye chumba cha maombi.

Mkifika hospitali, iwe Kitatumba, Katwa, Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben au hospitali kuu ya Beni, familia ina haki ya kuuliza. Imepimwa sukari yake? Sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama aliyepata kiharusi, na tone moja la damu kidoleni linatoa jibu. Je, kuna skana, na kama haipo hapa, iko wapi na gharama ni kiasi gani? Skana ndiyo pekee inayotofautisha mshipa uliopasuka na ulioziba. Bila hiyo muganga mwaminifu hatatoa dawa ya kuyeyusha donge, ambayo lazima itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tusidanganyane: kwa mtu wa Manguredjipa au Masereka saa hizo zinaishia njiani. Na Goma, tulikozoea kupeleka wagonjwa wagumu, haifikiki kama zamani tangu waasi wa M23 waiteke Januari 2025.

Je, maana yake hatuna la kufanya? Hapana, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nimesikia hata wauguzi wakisema, "AVC, tutafanya nini, hatuna vyombo." Huko New South Wales, Australia, watafiti walichukua hospitali 19, wakawafundisha wauguzi wa nusu ya hospitali hizo kuangalia vitu vitatu tu katika saa 72 za kwanza: homa, sukari na kumeza. Joto likipanda, wanalishusha kwa parasetamoli. Sukari ikipanda, wanaitibu. Kabla mgonjwa hajapewa chakula wala kidonge chochote, wanampima kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya siku 90, katika hospitali za kawaida wagonjwa 58 kati ya 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Kwenye zile zilizofundishwa walikuwa 42. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa.

Kupima kumeza kunafanyika hivi. Mgonjwa awe macho, aketishwe wima kabisa, si kulala. Muuguzi anampa kijiko kimoja cha chai cha maji, anaweka vidole kooni kuona kama koromeo linapanda. Anasubiri. Anamwambia aseme "aaa". Kama amekohoa, kama maji yanatoka pembeni mwa mdomo, kama sauti imebadilika ikawa ya majimaji, anasimamisha hapo na hakuna kinachopita mdomoni mpaka apimwe tena. Atalishwa kwa mpira wa puani. Kama vijiko vitatu vimepita salama, anajaribu glasi. Kazi nzima inachukua dakika chache. Hospitali kuu za zoni zetu zote za afya zina kijiko, glasi, kipimajoto na muuguzi. Kinachohitajika ni chumba kimoja chenye vitanda vinne vya wagonjwa wa kiharusi wakae pamoja, badala ya kutawanywa kila wodi, na wauguzi walewale wanaozoea kazi hiyo.

Sasa kinga, ambayo ndiyo kubwa kuliko yote niliyoandika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya tansio mwaka 2023: karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo, na ni mmoja tu kati ya watano ambaye yake imedhibitiwa. Haiumi. Hayo maumivu ya kisogo ambayo watu wanayaita tansio mara nyingi ni uchovu, na mwenye tansio ya 200 anaweza kupanda milima ya Butembo na mfuko wa viazi kichwani akiimba. Dawa ya hilo ni kupima, basi.

Na kupima kuna adabu yake. Mtu aliyepanda mlima, akaingia kituoni akihema na kufungwa mkanda palepale, anapewa namba ya uongo. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haikupishana. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo, bila shati zito chini ya mkanda. Awe amekwenda haja ndogo. Asiongee, na muuguzi asimhoji wakati mashine inapima. Irudiwe mara ya pili baada ya dakika moja au mbili. Mashine itaonyesha 140/90; waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa watasema "14 juu ya 9". Ni kitu kimoja. Kuanzia hapo kwenda juu, ikionekana siku tofauti, ni tansio. Omba namba zote mbili ziandikwe kwenye karatasi. Usikubali kuambiwa "iko sawa" au "imepanda kidogo" halafu ukaondoka mikono mitupu. Namba ni zako.

Ugumu wenyewe unaanza baada ya namba. Mazungumzo haya hufanyika kila siku kwenye vituo vyetu:

— Mama, dawa uko unakunywa?

— Niliimaliza, muganga. Nilisikia muzuri, nikaachia hapo.

Mama hana kosa. Malaria inamalizika kwa siku tatu, minyoo kwa siku moja, Ebola ilihesabiwa siku 21. Hakuna aliyemwambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba tansio haina mwisho wa dawa, kwamba "kusikia vizuri" ni kazi ya kidonge, na kwamba akikiacha leo mishipa inaanza kupigwa tena bila yeye kujua. Tena ana hesabu nyingine kichwani: plaketi moja, au daftari la mtoto. Dawa za tansio zinazofaa watu wengi, kama amlodipini na haidroklorotiazidi, ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na mara nyingi kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Hata hivyo kidonge cha bei nafuu kwa miaka 30 ni mzigo kwa mtu anayeishi kwa kuuza nyanya. Ndiyo maana mituele ya afya (mifuko ya bima ya pamoja), penye mituele, inapaswa kukubali dawa ya tansio ya kila mwezi kama inavyokubali kujifungua na upasuaji. Kulipia vidonge vya mama huyu ni rahisi kuliko kulipia wiki tatu za kitanda chake. Na wenye maduka ya dawa, tafadhali: msimbadilishie mtu dawa kwa sababu ile aliyoandikiwa imekwisha dukani.

Chumvi nayo. Babu zetu walivuka kwenda Katwe, Uganda ya leo, kutafuta chumvi, wakaibeba mgongoni hadi milimani. Ilikuwa mali ya thamani. Leo iko kila mahali, na imejificha. Imo kwenye makayabu, wale samaki wa chumvi, imo kwenye samaki wadogo waliokaushwa, imo kwenye ule mchemraba wa mchuzi ambao mama anautupa sufuriani akisha kutia chumvi ya mkono. Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku kutwa nzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yalowekwe tena, ndipo yapikwe bila kuongeza chumvi. Mchemraba ukiingia, chumvi isiingie. Chupa ya chumvi itoke mezani.

Kwa upande mwingine tuna utajiri tusiouona. Utafiti mkubwa wa kiharusi uliofanywa Nigeria na Ghana, ukachapishwa mwaka 2018, uligundua kwamba kutokula mboga za majani ni moja ya mambo yanayoambatana na kiharusi kwa Waafrika, sambamba na tansio, kisukari na mafuta mabaya ya damu. Sombe na lengalenga zinaota kila ua wa Butembo. Inasikitisha kuona kwamba mtu akipata pesa kidogo, la kwanza analoliondoa kwenye sahani ni mboga, kwa kuwa zinahesabiwa chakula cha maskini.

Pombe kali na sigara mnazijua. Kisukari kipimwe pamoja na tansio, sindano ya kidole ni moja. Lakini kuna watu watatu ambao hatuwafikirii tukisema kiharusi. Wa kwanza ni mama mjamzito: tansio ya mimba inaweza kumletea degedege na kupasua mshipa wa kichwa akiwa na miaka 22, kwa hiyo kila anapokwenda kliniki ya wajawazito (CPN) apimwe tansio, na akiumwa kichwa sana, akiona maruweruwe au akivimba uso ghafla, asingoje siku ya miadi. Wa pili ni kijana mwenye ugonjwa wa valvu za moyo ulioanzia kwenye koo la utotoni lisilotibiwa. Wa tatu ni mtoto wa SS, yaani mwenye seli mundu. Seli mundu huziba mishipa ya ubongo hata kwa mtoto wa miaka mitano. Utafiti uliofanywa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiurea inaweza kutolewa kwa usalama kwa watoto wa Kiafrika, ikapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Mzazi wa mtoto wa SS, muulize muganga wako kuhusu dawa hiyo kwa jina.

Mgonjwa akirudi nyumbani, kazi inahamia kwa familia, na mara nyingi wanarudi bila kuelezwa lolote. Kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila saa mbili, usiku pia, la sivyo atapata vidonda vya kulala. Msimvute kwa mkono uliolegea mkimwinua. Bega litachomoka na maumivu yake hayaishi. Mshikeni kwenye mkanda wa kiuno. Ale akiwa ameketi wima, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Mazoezi yaanze mapema, hata kama ni kufungua na kufunga kiganja mara 20 kwa msaada wa mkono mzima, na akamwone mtaalamu wa viungo, yule hospitali zetu zinamwita kine, wiki za mwanzo badala ya baada ya mwaka. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mwili unarudisha mengi.

Na zungumzeni naye. Mtu aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Anasikia mnavyosema mbele yake kwamba "huyu sasa ni wa kungojea tu". Ulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mpeni muda. Wengi ambao hawawezi kusema "nipe maji" wanaweza kuimba, kwa sababu wimbo uliozoeleka una njia yake nyingine kichwani. Anzisheni wimbo wa kanisani wa Kinande aliouimba tangu utoto, na msishangae maneno yakitoka.

Tukirudi kwenye mpango wa eneo zima, mfano wa karibu upo Tanzania. Kuanzia 2003 hadi 2006 watafiti walihesabu viharusi ndani ya jamii yenyewe wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, na kwenye sehemu za Dar es Salaam. Kasi waliyoikuta Dar es Salaam ilikuwa kati ya kubwa kabisa zilizowahi kupimwa duniani: viharusi 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Bila kuwatafuta ndani ya jamii, wengi wa wagonjwa hao wasingejulikana, kwa kuwa walikufa au walilala nyumbani. Hai ni wilaya ya migomba na kahawa kama kwetu. Kama wao waliweza kuhesabu, Butembo, Katwa, Beni, Musienene na Kyondo zinaweza.

Watu wa kufanya kazi hiyo tunao tayari. RECO, mhamasishaji wa afya wa mtaa aliyewafuata waliogusana na wagonjwa wa Ebola, bado anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Mpeni mkanda mmoja wa tansio unaotumia betri, daftari lenye majina ya watu wote wa mtaa wenye miaka 40 na zaidi, na siku moja kwa mwezi ya kupita. Aliyepita 140 apelekwe kituoni. Asiyekuja kuchukua vidonge mwezi huu, aulizwe nyumbani kwake, kwa upole, kama alivyotafutwa aliyekosekana wakati wa Ebola. Kituo cha afya kipime tansio ya kila mtu mzima anayeingia, hata aliyekuja na kidonda cha mguu. Hospitali kuu iwe na kile chumba cha vitanda vinne. Na mkuu wa zoni aulize kila mwezi namba moja tu: kati ya waliomo daftarini, wangapi wako chini ya 140?

Tulisikia malalamiko mengi wakati wa Ebola, na moja lilikuwa la haki: "Mbona mnakuja kwa ugonjwa huu mmoja, na magonjwa yetu mengine hamuyaoni?" Hasira ile ilitugharimu sana. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kupambana na Ebola, aliuawa hapa Butembo, ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Kumpima mzee tansio yake kila mwezi, bila askari, bila gari la msafara, ndiyo njia ya kulijibu swali lile.

Wewe unayesoma, usingoje mpango. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya cha karibu, kaa dakika tano kimya, toa mkono. Ziandike namba zako mbili pamoja na tarehe kwenye karatasi ndogo, na uiweke pamoja na kadi yako ya mpiga kura, ile usiyoachana nayo hata siku moja. Mpeleke na mama yako.